Pikipiki Iliyokataa Kuwaka

Mgeni afikaye Kigali huona kwanza milima, kisha huona pikipiki. Kutoka Nyabugogo, ambako mabasi ya mikoani hushusha watu, hadi Kimironko na Nyamirambo, pikipiki za abiria hupanda na kushuka tangu alfajiri, kila dereva na kofia yake ngumu, na ya pili kwa abiria wake mmoja. Ninyi mliomaliza shule hii zamani, mkaja darasani kwa miguu huku jasho linawatoka, mtatusamehe sisi wa siku hizi: tukichelewa hatukimbii, twapunga mkono tu.

Baba yangu mdogo ni mmoja wa madereva hao. Ndiye alipaye karo yangu, kwa hiyo naweza kusema bila mzaha kwamba nimesoma hesabu, fizikia na Kiswahili kwa magurudumu mawili. Katika masika ya mwaka 2025, nikiwa likizoni, pikipiki yake iliugua. Asubuhi haikuwaka mpaka ipigwe kiki mara ishirini, na bila kuvuta choki haikuwaka kamwe. Hata ilipokwisha kupata moto, dereva akiachia mafuta ili asimame penye taa, ilizima. Akiongeza mafuta ilikwenda vizuri, na mlima wa Muhima iliupanda bila kuguna. Kisha siku moja, baada ya mvua kubwa ya usiku, ikakataa kabisa.

Fundi wa kwanza aliitazama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini yote ifunguliwe. Alitaka faranga 90,000. Baba mdogo alinyamaza. Fedha hizo hakuwa nazo, na juu ya hayo kulikuwa na jambo jingine. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli haziandikishwi tena kwa kazi ya abiria mjini Kigali. Mpya zote sharti ziwe za umeme. Zilizokuwako zamani zaendelea na kazi. Basi pikipiki kuukuu ya petroli si kitu cha kufa leo ukanunua nyingine ya namna ile ile kesho. Akaanza kuuliza watu watampa nini akiiuza vipande vipande. Mimi nami nikahesabu: karo ya muhula wa tatu ilikuwa haijalipwa.

Nikamwomba tuipeleke kwanza kwa mzee mmoja wa Nyamirambo, ambaye nilizoea kukaa kibandani kwake siku za likizo, nikimshikia spana na kusikiliza Kiswahili chake. Tuliisukuma. Kusukuma pikipiki iliyozimika katika milima ya Kigali ni kazi ya kumkumbusha mtu dhambi zake zote.

Mzee hakugusa kitu. Aliuliza maswali, akasikiliza majibu, kisha akaniambia, "Mwanangu, injini yataka mafuta, cheche na pumzi. Ujue kwanza kilichokosekana, ndipo ushike spana."

Akafunga bomba la mafuta, akafungua plagi, akairudisha katika kofia ya waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka, maana mvuke wa petroli hauna utani. Nikapiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu na yenye mlio. Basi cheche ilikuwapo. Kisha akamwambia baba mdogo azibe tundu la plagi kwa kidole gumba. Nikapiga kiki tena, kidole kikasukumwa nje kwa nguvu hata akacheka. Ringi zilizokwisha kabisa hazisukumi hivyo! Hapo faranga 90,000 zikaondoka mabegani mwetu.

Yakabaki mafuta. Na hapa fizikia ya darasani ilinifaa. Kigali iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,500, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika saba. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani ikiletwa huku, petroli huwa nyingi kuliko hewa, na plagi hutoka nyeusi kwa masizi. Yetu ilikuwa nyeupe, kama mfupa uliokaa juani. Nikamwonyesha Mzee, nikasema kwamba injini hii haishibi, ina njaa. Ndiyo maana ilitaka choki hata ikiwa na moto, kwa kuwa choki hupunguza hewa na kuzidisha petroli.

Mzee akafungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, akakinga chupa. Tukaiinua kwenye mwanga. Petroli ilikuwa juu, na chini yake matone ya maji yakiviringika kama shanga. Mpira wa mfuniko wa tangi ulikuwa umelika, na mvua ya masika ilikuwa ikiingia humo kidogo kidogo. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hushuka chini kabisa, mahali hasa injini inywapo.

Tukalimwaga tangi lote, tukaifungua kabureta. Ndani yake mna jeti mbili za shaba. Kubwa hulisha injini iendapo mbio, nayo ilikuwa safi. Ndogo huilisha wakati dereva ameachia mafuta. Tundu lake ni kama la sindano, na lilikuwa limezibwa na uchafu mweupe. Mzee alilizibua kwa unyuzi mmoja wa shaba uliotoka katika waya wa umeme. Waya wa chuma hautaki, maana hupanua tundu.

Kiki ya pili ikawaka. Lakini mlio ulipanda wenyewe na kushuka, kama mtu mwenye homa. Mzee akachota grisi, akapaka penye ufa mwembamba wa mpira unaounga kabureta na injini, na mlio ukatulia pale pale. Hewa ilikuwa ikiingia kwa mlango wa nyuma. Tukanunua mpira mpya, na mwingine wa mfuniko. Mwisho akaifunga polepole skrubu ya mchanganyiko hadi ikakaa, akairudisha nyuma duru moja na nusu, akairekebisha kwa sikio injini ikiwa na moto. Gharama yote haikufika faranga 15,000.

Karo ililipwa wiki ya pili ya muhula. Baba mdogo aweka akiba ya pikipiki ya umeme, ambayo betri yake ikiisha hubadilishwa kituoni na safari ikaendelea. Haina kabureta, wala jeti, wala plagi. Nilimwuliza Mzee atafanya kazi gani zote zikiwa hivyo. Hakunijibu, ila aliniazima kitabu changu cha fizikia. Nilipokifuata siku ya kufungua shule, kurasa za mota ya umeme zilikuwa zimejaa alama za vidole vya grisi, naye akaniomba nimwachie hadi Jumamosi.