Kipanya Kilipopita Muheza

Baba yangu aliijua barabara ya Tanga hadi Muheza kwa kila shimo lake, lakini ya mbele ya stendi ya Muheza aliyajua kwa kusimuliwa tu. Ndiyo kazi ya daladala: unapakia, unashusha, unageuza. Kipanya chake, Toyota HiAce ya dizeli aliyokuja kuinunua kwa tajiri wake ikiwa imeshachoka, kilibeba wanafunzi, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, na msimu ukifika, magunia ya machungwa juu ya keria. Njia ya kwenda Amani inachepukia pale pale Muheza. Abiria waliokuja kuunganisha gari walimsimulia ukungu wa Usambara Mashariki na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Aliwasikiliza huku akiwaza hesabu ya jioni.

Biashara ilipopungua, Coaster zikichukua abiria wa mbali na bodaboda wakichukua wa karibu, tulidhani atauza. Jioni moja akaniita uani.

"Mwanangu, gari hili siliuzi. Nataka nikalale ndani yake, Amani."

Nilisomea umeme VETA, kwa hiyo nyaya zilikuwa zangu, na mbao na bati zikawa za mafundi wa mtaani. Kwanza tulimaliza ya serikali: leseni ya kusafirisha abiria ikarudishwa, bima ikabadilishwa, mkaguzi wa trafiki akalipitia gari, TRA wakabadili matumizi yake. Siku namba nyeupe za biashara zilipofunguliwa na kufungwa za njano za gari binafsi, Baba alisimama mbele ya bampa akizitazama kwa muda mrefu. Ufito wa rangi ulioonyesha njia ya daladala aliufuta mwenyewe kwa msasa, hakutaka msaada.

Viti vya kipanya ni vyuma vitupu, na bolti zake zilikuwa zimeshashikana na kutu hata fundi wa kuchomelea akalazimika kuzikata. Tulikwangua sakafu, tukaipiga rangi ya kuzuia kutu, tukalaza plaiwudi. Baba alikataza kitu kimoja tu kisiguswe: ukingo wa juu ya mlango wa pembeni, pale mikono ya makonda ilipokula rangi mpaka bati likang'aa. Upo hivyo hadi leo.

Wanaojitengenezea nyumba za magari huko Ulaya hujaza pamba nene ukutani, na kwao ni sawa, kuna baridi. Kazi hii ina historia ndefu kwao: Volkswagen walianza kuunda Kombi mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuziwekea samani za kulalia na kupikia. Lakini adui wa Tanga ni jua na unyevu wa bahari. Pamba ikinywa unyevu nyuma ya bati, kutu hula gari bila mtu kuona. Tulipaka paa rangi nyeupe, tukaacha nafasi ya hewa chini yake, kisha darini tukatandaza mikeka ya ukindu. Ni myepesi, inapitisha hewa, ikilowa inakauka. Kwenye madirisha, ambayo kipanya kimejaliwa pande zote, tuliweka wavu wa mbu wa kubandua. Sijaona nyumba ya gari iliyopambwa vizuri kuliko hiyo, na nasema hivyo bila upendeleo.

Umeme niliupanga kwa uangalifu zaidi ya kitu kingine chochote. Betri ya kuwashia injini haiguswi. Ya pili, ya Ah 100, inachajiwa na paneli ya sola ya wati 100 iliyolala kwenye keria ya machungwa. Kwa hesabu, betri ya volti 12 ya ukubwa huo inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya maji ikizoeshwa kushushwa chini ya nusu haidumu. Kwa hiyo tuna kama 600 za kutumia: taa, feni, simu. Friji tukaiacha, samaki tunanunua wa siku hiyo. Gesi nayo ilitupa la kufikiri. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni mahali mtu alipolala. Mtungi wa kilo 6 tukauweka nyuma kabisa, kwenye sanduku lenye tundu la kutokea chini ya gari, na jiko linawashwa nje, chini ya mlango wa nyuma ulionyanyuliwa. Mvua ikinyesha, mlango huo unamkinga mpishi.

Ubishi wetu ulikuwa wa mbao. Baba alitaka mninga, makabati ya heshima. Yalikuwa mazuri mno. Safari ya kwanza ya Amani gari lilipanda kwa gia ya kwanza karibu mlima mzima, springi za nyuma zimelala, mshale wa joto ukipanda nasi. Tulifika. Mama alipika ugali kwenye ukungu ule ule waliousimulia abiria, lakini Baba alikula akiwa amesimama, na injini hakuizima mpaka Mama alipomwambia, "Baba Fulani, hakuna abiria hapa." Kwa maisha yake yote ya kazi, kusimama kulikuwa ni kupakia na kuondoka.

Tuliporudi, makabati ya mninga yalihamia sebuleni. Ndani ya gari kukabaki mabenchi mawili ya mbao za paini, yanayounganishwa usiku kwa ubao wa katikati kuwa kitanda. Kinalala kwa urefu wa gari, kwa sababu upana wa HiAce haumtoshi mtu mzima kujinyoosha. Uzito ulivyopungua, Baba naye akabadilika. Tumepanda Lushoto kupitia Mombo na Soni, tumevuka Pangani kwa kivuko kwenda Bweni, na siku hizi ni yeye anayesema tusiondoke kesho. Bado anaegesha gari likitazama njia. Bado saa kumi alfajiri yuko macho. Lakini anatoka kwenda kukaa kwenye jiwe na kikombe cha chai ya tangawizi, na funguo amempa Mama.

Sasa anataka paa lipasuliwe, liwekwe la kunyanyuka kama la magari ya watalii ya Arusha, ili mgongo wake upate kusimama wima ndani. Mimi napinga: bati likikatwa ni mlango wa maji, na masika ya Tanga hayana huruma. Yeye ameshampigia fundi. Wamekubaliana gari lipelekwe Arusha mvua zikiisha, na nimeombwa nishushe paneli kabla ya hapo.