Fuko Hufa Akifunga Mlango

Shosho alikuwa anatulipa mbao kwa kila fuko. Shamba lake la Dagoretti lilikuwa na viazi vitamu na nyasi za nepia, na fuko alikuwa akila kuanzia chini. Asubuhi unaona mmea umesimama vizuri, ukiuvuta unakuja mkononi bila mizizi.

Mtego wetu haukuhitaji chambo. Unatoboa handaki lake, unaweka kitanzi cha waya kwenye kijiti ulichokikunja, halafu unaenda shule. Fuko hawezi kuvumilia shimo wazi. Anakuja akisukuma udongo ili alizibe, na hapo ndipo kijiti kinafyatuka. Anachimba kwa meno, midomo imefungwa nyuma yake ili asile udongo. Kila mmoja anaishi peke yake, kwake.

Chini ya shamba kulikuwa na kijito chenye vyura. Chura hana mlango wa kufunga. Ana mapafu, sawa, lakini anapumua pia kwa ngozi, na hata maji hayanywi kwa mdomo, yanapita kwa ngozi hiyo hiyo. Kilicho mtoni kiko ndani yake. Na Mto Nairobi, si unaujua: unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukifika Globe hutaki hata kuuangalia.

Februari nilifutwa kazi. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilitoka chumbani kwangu Kangemi nimevaa shati, napanda mathree hadi tao, nakaa Jeevanjee na wahubiri na wapiga picha mpaka saa kumi. Shosho akipiga, naigeuza simu kifudifudi. Dada yangu alipokuja kubisha, nilizima redio nikatulia kitandani kama mwizi. Nikajiambia ninamkinga Shosho na mawazo. Uongo, manze. Nilikuwa naona aibu.

Mwezi wa nne kodi ilinishinda, nikaenda Dagoretti. Nilikuwa nimepanga maneno tangu stejini. Sikuyafikisha.

"Najua," Shosho alisema. "Dada yako alipita kazini kwenu kitambo."

"Sasa mbona ulikuwa unapiga kila siku?"

"Nikuambie uje ule."

Nililala huko. Usiku nilimsikia chura kijitoni, mmoja tu. Zamani walikuwa wengi mpaka tunashindwa kulala.