Fokacha, Mkate wa Mekoni



Wapendwa, juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya mkate. Si ule wa altareni, ambao tumekwisha kuutafakari mara nyingi, bali mkate wa kawaida kabisa ambao Waitaliano huuandika focaccia, nasi tutautamka fokacha. Tuliuzoea tulipokuwa masomoni Italia, na hata leo twauoka katika jiko la parokia kila tupatapo nafasi.

Jina lake latokana na neno la Kilatini focus, maana yake meko. Mtakatifu Isidori, Askofu wa Sevilla aliyefariki mwaka 636, aeleza katika kitabu chake Etymologiae kwamba mkate uliookwa kwenye majivu na kugeuzwa ndio uitwao pia focacius. Jina lake la pili, subcinericius, yaani wa chini ya majivu, ndilo lililotumika katika Biblia ya Kilatini kwa mkate ule ambao Eliya aliukuta kichwani pake, alipokuwa amechoka hata kutamani kufa. Basi asili ya mkate huu si karamu. Ni chakula cha mtu asiye na tanuri, mwenye moto kidogo, unga kidogo, na safari mbele yake.

Leo kila mkoa wa Italia una namna yake. Kule Genoa, mji wa bandari upande wa kaskazini, fokacha huwa nyembamba, unene wake kama sentimita 2, nayo huliwa tangu asubuhi. Wengi huichovya katika kahawa ya maziwa, jambo linalomshangaza mgeni. Wajuzi hukigeuza kipande juu chini, ili upande wenye chumvi uuguse ulimi kwanza. Kusini, mkoani Puglia, huoka yenye nyanya, zeituni na oregano.

Kuioka si kazi ngumu, ila yataka saburi. Kwa gramu 500 za unga wa ngano twatia mililita 320 za maji ya uvuguvugu, gramu 10 za chumvi, kijiko kidogo cha hamira na vijiko vikubwa 2 vya mafuta. Twakanda hadi donge liwe laini, twalifunika kwa kitambaa na kuliacha saa moja na nusu liumuke. Kisha twalitandaza katika trei iliyopakwa mafuta na kulipumzisha nusu saa, ndipo twalibonyeza kwa ncha za vidole hadi karibu kuigusa trei. Vishimo hivyo si urembo. Humo twamimina maji yaliyochanganywa na mafuta na chumvi, nayo huufanya mkate uwe laini ndani na mkavu kidogo juu. Twauacha nusu saa nyingine, kisha waingia katika oveni yenye joto la nyuzi 220 kwa dakika 20 hivi. Asiye na oveni atumie sufuria nzito, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, kama mama zetu waokavyo keki. Mafuta ya zeituni kwetu ni ghali. Ya alizeti yafaa, ingawa ladha hubadilika.

Yapo pia yaliyotokea Altamura, mji wa Puglia unaosifika kwa mikate yake. Mwaka 2001 mgahawa wa McDonald's ulifunguliwa hapo, mkubwa na wenye kung'aa. Baadaye mwoka mikate mmoja, Luca Digesù, akafungua duka dogo jirani yake, akauza fokacha. Hakuandamana wala hakumtukana mtu. Alioka tu, kwa bei ambayo jirani zake waliimudu, nao wakaja. Desemba 2002 mgahawa ule ulifungwa. Mwaka 2009 kisa hicho kilitengenezewa filamu iitwayo Focaccia Blues. Watu wa Altamura hawakuhitaji kuambiwa kwamba chakula chao ni kizuri. Walihitaji mtu wa kuendelea kukipika.

Tulikikumbuka kisa hicho hivi karibuni, tulipoipeleka fokacha yetu katika jumuiya moja ndogo ndogo. Bibi mmoja alikitafuna kipande chake taratibu, akauliza imetiwa nini. Tulipomjibu kwamba ni unga, maji, chumvi, hamira na mafuta, akacheka.

“Baba Paroko, kumbe nao wana mkate wa maskini!” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Nasi kila ukija tunamtuma mtoto dukani akakununulie mkate wa kukatwa, mihogo tunaificha.”

Wapendwa, maneno hayo yametukaa moyoni. Ni nyumba ngapi zimekopa dukani kwa ajili ya ugeni wetu, huku chungu cha mihogo kikifichwa nyuma ya mlango? Waitaliano wamekipeleka chakula chao cha majivuni duniani kote, nao hukiandaa mbele ya mgeni bila kuomba radhi. Vijana wetu wajifunzao kuona haya mbele ya viazi, magimbi na mihogo, hawatajifunza kuvipika. Na kisichopikwa kizazi kimoja, kizazi kifuatacho hakitakijua hata kwa jina.

Basi twawaomba jambo moja. Tujapo kwenu, tuandalieni kile mlicho nacho mekoni. Na atakaye kujifunza fokacha, aje jikoni kwetu Jumamosi alasiri, na kilo moja ya unga.

Twawatakia Dominika njema.