Nyumba Iliyopanda Tela

Ukitokea Arusha kwa basi, Babati inakupokea na kijani chake: Mlima Kwaraa juu, Ziwa Babati na viboko wake chini. Tangu mji ulipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, na hasa baada ya lami ya kutoka Dodoma kuzinduliwa mwaka 2018, mwenye kiwanja kando ya barabara hakosi simu ya dalali. Sisi pia tunapigiwa.

Kiwanja chenyewe ni cha mama mkwe. Mimi na mume wangu tulikwenda Ijumaa moja na hesabu zetu: nyumba ivunjwe, fremu sita za maduka zisimame. Mchoro ulikuwa kwenye pochi yangu.

Usiku, baada ya ugali na samaki wa ziwani, nikamwonyesha mama video kwenye simu, angalau kulainisha mazungumzo. San Francisco, Marekani, tarehe 21 Februari 2021. Nyumba ya mbao ya mwaka 1882, ya mtindo wa enzi za Malkia Victoria wa Uingereza, vyumba sita vya kulala, inakokotwa barabarani mzima mzima kutoka mtaa wa Franklin hadi mtaa wa Fulton, mwendo wa kinyonga. Inapisha jengo la makazi. Matawi yamekatwa, watu wamejipanga kupiga picha. Gharama? Kama dola 400,000!

Mama akacheka. "Mwanangu, sasa hapo ajabu nini? Hii uliyolala nayo jana ilihama."

Kumbe! Novemba 1973 ilitangazwa kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Zamu yao ilipofika, yeye na marehemu baba wakateremka kutoka mlimani. Majirani Wairaqw wenye tembe, zile zilizochimbiwa mteremkoni na kuezekwa udongo, waliondoka na nguzo tu. Wao walikuwa na mabati. Wakayashusha moja moja, wakang'oa milango na mapau, wakapakia kwenye tela la trekta. Misumari? Mama aliinyoosha juu ya jiwe, mtoto mgongoni. Huyo mtoto ndiye mume wangu, na hadithi hii hakuwahi kuisikia.

Asubuhi nikiwa bado kitandani (hakuna dari) nikaiona mwenyewe: vitone vya mwanga juu, safu mbili mbili. Matundu ya misumari ya nyumba ya kwanza. Mengine yamezibwa kwa lami, mengine yamechoka.

Nikautoa mchoro wakati wa chai. Mama akautazama muda mrefu.

"Fremu jengeni, mji umeshafika. Ila mabati yangu ni ishirini na nne. Yashushwe kwa kuhesabiwa, na mniambie mapema yanakwenda wapi."

Mume wangu akapanda juu kuhesabu. Mimi nikamshikia ngazi.