Mchuzi wa Kakao na Adabu ya Ulimi



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuingie jikoni. Huenda baadhi yenu mkauliza: sheikh na sufuria, wapi na wapi? Lakini yaliyotupata nyumbani mwetu yametufunza jambo ambalo tumekuwa tukiwasomesha wengine kwa miaka mingi, kumbe sisi wenyewe tulikuwa hatujalifahamu.

Binti yetu wa pili alirejea nyumbani mwaka uliopita baada ya ndoa yake kuvunjika. Miezi ya mwanzo alikuwa mtu wa kujifungia chumbani. Kisha akajiandikisha katika chuo kimoja kusomea upishi. Hatukumkataza, wala hatukumpongeza. Tulijisemea moyoni kwamba msichana wa Mombasa aliyelelewa na bibi yake hana haja ya kulipa karo ili afundishwe kupika. Jumapili moja akaomba aachiwe jiko. Alishinda humo tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi. Baada ya swala ya isha tuliketi mkekani, likaletwa sinia la wali, na kando yake bakuli la kuku ndani ya mchuzi mweusi kama buni iliyokaangwa, umenyunyiziwa ufuta juu.

"Ni mchuzi gani huu, mwanangu?" tukauliza.

"Ni mole, Baba. Chakula cha Meksiko. Ndani yake mna pilipili, lozi, zabibu na chokoleti."

Hapo ulimi wetu ukaitangulia akili. Tukasema, "Je, leo tunakula kuku au tunakula peremende?" Wajukuu wakacheka, wakalirudia neno lile mara tatu, mara nne. Tukaonja kwa ncha ya kidole, tukalisukuma bakuli, tukaomba tuletewe samaki aliyebaki mchana. Binti yetu hakujibu kitu. Aliliondoa bakuli, akaenda kuosha vyombo, na kwa wiki tatu zilizofuata hakugusa mwiko.

Mama yetu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 80, ndiye peke yake aliyekula akamaliza. Asubuhi yake alituita. "Mwanangu," akasema, "ile hadithi ya chakula uliyowasomesha watu mwezi wa Ramadhani, ilikuwa ya watu wengine?"

Hatukuwa na jibu. Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra, Allah amridhie, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kukitia ila chakula: alipokitamani alikila, na asipokitaka alikiacha. Na katika mapokezi ya Ibn Abbas twasoma kwamba katika nyumba ya Bi Maymuna aliletewa dhabb wa kuchomwa, yule mnyama wa jangwani anayefanana na kenge, naye akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid akauliza iwapo ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwa wa nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haikumwelekea. Khalid akamvuta, akala, na Mtume akimtazama. Mafunzo humo ni mawili. Mtu halazimishwi kupenda asichokizoea. Lakini kutopenda kwake si hukumu juu ya chakula, sembuse kuwa ruhusa ya kumvunja moyo aliyekipika.

Tulimwendea binti yetu tukamtaka radhi. Alisema, "Yameisha, Baba," ila macho yake yalituambia kwamba hayajaisha. Radhi ya maneno matupu haikutosha, basi tukamwomba atufundishe mchuzi ule kwa mikono yetu wenyewe. Alitutazama kwanza kama anayepima iwapo ni mzaha mwingine. Siku ya pili yake tukaketi kigodani, kinu mbele yetu, naye akawa ndiye mwalimu.

La kwanza alilotusahihisha ni kwamba kakao si tamu. Mbegu zake huchachushwa, hukaushwa na kukaangwa, na ladha yake ya asili ni ya uchungu. Utamu wa chokoleti tuijuayo watokana na sukari na maziwa. Wenyeji wa kale wa Meksiko waliinywa kakao kama kinywaji kichungu, pengine kwa pilipili. Mole yenyewe ni jina litokanalo na neno la Kinahuatl lenye maana ya mchuzi. Ziko za namna nyingi, na nyingine hazina kakao kabisa. Ile mashuhuri yenye kakao ni ya mji wa Puebla, na vitu vinavyoingia ndani yake huweza kuzidi 20. Kakao miongoni mwa vitu hivyo ni kidogo tu, huongeza kina cha ladha na rangi. Mwenye kutarajia peremende, kama tulivyotarajia sisi, hataipata.

Basi alitupikisha hivi, kwa kuku mmoja wa kilo moja na nusu. Kuku huchemshwa kwa kitunguu na chumvi hadi akaribie kuiva, supu yake ikawekwa. Pilipili 8 kubwa, nyekundu, kavu, zisizo kali sana, hutolewa mbegu, zikapitishwa katika mafuta ya moto kwa nukta chache tu, kwani zikiungua mchuzi wote huwa mchungu. Kisha huroweshwa katika maji ya moto kwa nusu saa. Katika mafuta yale yale hukaangwa lozi kiganja kimoja, zabibu kiganja kimoja, ufuta vijiko viwili, kitunguu, saumu punje 4, nyanya 3, na chapati moja kavu iliyokatwakatwa ili kuufanya mchuzi uwe mzito. Hutiwa karafuu 3, pilipili manga, na kipande cha mdalasini. Vyote pamoja na zile pilipili husagwa laini. Rojo hilo hukaangwa tena, hutiwa supu ya kuku kidogo kidogo, likaachwa litokote kwa moto mdogo muda wa saa nzima. Mwisho kabisa ndipo huingia chokoleti nyeusi gramu 30, au vijiko viwili vya kakao ya unga pamoja na sukari kidogo. Tangu hapo mwiko hautoki mkononi, maana mchuzi hushika chini upesi. Kuku hurejeshwa ndani kwa dakika 15, na chumvi huonjwa.

Wako watakaouliza kuhusu uhalali. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba asili ya vyakula ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuharamisha, na kakao ni mbegu ya mti. Mama wa nyumba na asome tu karatasi ya chokoleti, kwani ziko zinazojazwa pombe ndani, nazo hazina nafasi majikoni mwetu. Lakini asibabaishwe na maneno "cocoa liquor" yanayoandikwa katika nyingi: hayo humaanisha rojo la mbegu za kakao zilizosagwa, wala si kileo.

Tulipokuwa tukitwanga, tulitazama vilivyokuwa mbele yetu tukaona haya. Karafuu na mdalasini twavijua tangu utotoni. Pilipili na nyanya, ambazo bila hizo hapana mchuzi wa Mombasa leo, asili yake ni huko huko Amerika ilikotoka kakao. Vivyo hivyo mahindi, muhogo na karanga. Vilivuka bahari katika zama za Wareno, na kila kimoja kilikuwa kigeni kwa jiko fulani la pwani siku kilipoingia mara ya kwanza. Huenda palikuwa na mzee kama sisi aliyekisukuma, na binti aliyevumilia akakipika tena. Na kuchanganya nyama na utamu si jambo geni kwa Waislamu: wapishi wa Baghdad zama za Bani Abbas walipika sikbaj, nyama ya siki iliyotiwa asali au tende, na watu wa Morocco hadi leo hupika nyama kwa matunda makavu. Nasi twaitia zabibu biriani, twautia ukwaju sukari, kisha twamcheka aliyeitia mole chokoleti.

Jioni ile tulikula. Kwanza huja ukali wa pilipili, kisha utamu mdogo wa zabibu, na mwisho uchungu wa kakao unaobaki ulimini kama wa kahawa isiyo sukari. Hatutawadanganya: kuku wa kupaka bado ndiye kipenzi chetu. Lakini tulikimaliza kilichokuwa mbele yetu, kisha tukamwambia binti yetu, mbele ya wale wale wajukuu waliocheka, kwamba tulikosea na kwamba kazi yake ni nzuri. Neno la kuumiza tulilisema hadharani, na la kuponya halikufaa kusemwa faraghani.

Mama yetu alikuwa akisikiliza. Akanyoosha sahani yake, akamwambia mjukuu wake, "Nitilie tena, na safari hii usininyime mchuzi." Binti yetu akacheka. Tulikuwa hatujasikia kicheko hicho tangu arejee.

Enyi baba wenzetu, na enyi mama wakwe, nyumba nyingi zina binti au mke wa mtoto anayejaribu kitu kipya kwa mikono inayotetemeka. Msipokipenda, kiacheni kwa adabu, na mshukuruni aliyekipika. Mchuzi uliomwagika waweza kupikwa tena kesho. Moyo uliovunjika mkekani hauungwi upesi hivyo. Allah atuwafikishe tuyatende tunayoyasomesha. Wabillahi tawfiq.