Tulipochagua mahali pa kumpeleka Mama

Ndugu vijana, wengi wenu mmekwisha kuona picha za jamaa walio Ulaya wakiwa wamesimama mbele ya kasri la rangi ya waridi, watoto wamevaa masikio ya panya. Ni nadra kuambiwa picha ile ilitanguliwa na nini. Kwetu ilitanguliwa na mabishano ya majuma matatu, na mwishowe picha yenyewe haikupigwa.

Sisi tu ndugu wanne, wazaliwa wa Lubumbashi. Wawili wanaishi Ubelgiji, wawili wamebaki nyumbani. Kwa miaka sita tulichanga kidogo kidogo ili Mama aje awaone wajukuu aliowajua kwa simu tu. Visa ilipotoka tulikubaliana kwamba siku moja ya kiangazi jamaa itatoka kwenda kucheza, watu wanane kwa jumla, na ya kwamba gharama itatoka katika mfuko wa wote. Kwa hiyo hata waliobaki Lubumbashi walikuwa na sauti katika jambo hili, nao waliitumia barabara.

Wajukuu hawakuhitaji majuma matatu. Kwao jibu lilikuwa Disneyland Paris, na tusiwe wanafiki: mahali pale pametengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu. Palifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, kilomita 32 mashariki ya Paris. Pana bustani mbili, kila moja na mlango wake, na hoteli zimepangwa kuizunguka. Chini ya kasri kuna pango, na ndani ya pango kuna joka la mitambo linalokoroma, kufumbua macho na kutoa moshi. Kuna pia safari ya mashua kati ya wanasesere wa mataifa mengi wanaoimba wimbo mmoja. Mchezo huo ulibuniwa kwanza kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964, kwa heshima ya UNICEF, na baadaye ukanakiliwa katika bustani nyingine za kampuni hiyo. Mtoto wetu wa mwisho aliujua wimbo huo kabla ya kujua Baba Yetu, jambo ambalo Mama hakulifurahia.

Basi tulipiga hesabu. Bei ya tiketi pale hubadilika kwa kadiri ya siku, na katika siku za msongamano tiketi ya mtu mzima huvuka euro 100 kwa bustani moja. Ongezeni safari ya kilomita kama 300 kutoka Brussels, chakula, na usiku mmoja wa kulala, kwani mtu mwenye umri wa Mama hawezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo akabaki na nguvu. Dada yetu wa Lubumbashi, ambaye ni mwalimu, alituandikia neno moja tu: minervali. Alikuwa amegawanya jumla ile kwa minervali ya mwaka ya wanafunzi wake, akapata idadi ya watoto ambayo hatutaitaja hapa.

Lakini kilichoamua shauri hakikuwa bei. Kilikuwa foleni. Katika bustani ile kila mtu aweza kusubiri saa nzima bila malipo ya ziada, au akalipa tena, mchezo kwa mchezo, apite kwa njia ya pembeni. Kaka yetu mkubwa, mtu aliyepoteza sehemu kubwa ya ujana wake akisubiri karatasi mbele ya madirisha ya ofisi, aliliuliza jambo hili kwa upole: "Hapa kwetu mwenye kutoa pesa ili apite mbele ya wenzake tunamwita mtoa rushwa. Huko wanampa risiti?" Shemeji yetu alijibu kwamba bei imeandikwa wazi na hakuna anayedanganywa. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo tulijiuliza watoto wetu wangesimama upande gani wa kamba, na Mama angewaona wakijifunza nini, ama kwa kupita ama kwa kupitwa.

Mvulana wetu wa miaka 16 alitetea Parc Astérix, kaskazini ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1989 kwa kufuata michoro ya Goscinny na Uderzo, au, kama ni mbali, Walibi ya Wavre, ambayo ipo tangu 1975. Kote kuwili sifa kubwa ni vigari vya reli vinavyopanda juu na kuporomoka kwa kasi hata roho ikabaki nyuma. Inafurahisha kujua kwamba hizo mbili zinazoshindana kwa matangazo ni mali ya kampuni moja, ambayo pia huendesha viwanja vya kuteleza kwenye theluji milimani. Hatukukaa sana hapo. Ingekuwa kuwapeleka vijana wawili kucheza na watu sita kuwashikia mifuko.

Likabaki jina ambalo hakuna aliyelijua Lubumbashi: Efteling, huko Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi. Ni mwendo usiofika saa mbili na nusu kwa gari kutoka kwetu, na tiketi ilikuwa ya bei ya chini sana kuliko ile ya Paris. Kwenu vijana wa parokia, asili yake ina utamu wa pekee. Katika miaka ya 1930 mapadri wawili wa pale walitaka vijana wapate uwanja wa mpira na mahali pa kutembea, na mwaka 1935 ukafunguliwa uwanja wenye jina la Kikatoliki kabisa. Mtu aliyepita katika Kiro au Xaveri anaijua habari ya namna hiyo: padri, mpira mmoja, na kiwanja chenye mashimo. Mwaka 1952 ndipo msitu wa hadithi ulipoongezwa kwa michoro ya Anton Pieck, hadithi kumi kati ya miti. Mpaka leo mwenye mali ni shirika la wakfu, wala si kampuni yenye wanahisa.

Tena kuna jambo lililomfanya Mama aketi wima. Mojawapo ya hadithi za msitu ule, iliyojengwa mwaka 1966, ilitungwa na Fabiola, yule aliyekuja kuwa malkia wa Ubelgiji. Aliolewa na Baudouin mwezi wa Desemba 1960, miezi michache baada ya mfalme huyo kusimama Léopoldville siku ya uhuru wetu. Mama alikuwa msichana mdogo wakati ule, na wenzake wawili katika kidato walibatizwa jina hilo. "Kumbe alikuwa akiandika hadithi?" alisema, kana kwamba tumemletea habari ya jirani.

Tulidhani shauri limekwisha. Ndipo binti yetu mkubwa, aliyekuwa akitafuta picha za mahali pale, akatuonyesha moja bila kusema kitu. Ilikuwa ya mchezo ulioitwa Monsieur Cannibale: watu wanakaa ndani ya vyungu vinavyozunguka, na katikati amesimama mpishi mweusi mkubwa kama nyumba, midomo minene, pambo puani, tayari kuwala. Mchezo huo ulianza mwaka 1988. Ulifungwa mwaka 2021 baada ya malalamiko ya muda mrefu, na mwaka uliofuata vyungu vikageuzwa mashua za hadithi ya Sindbad. Binti akauliza kama sisi tuko tayari kulipa pesa mahali palipomchora Koko hivyo kwa miaka 33.

Hapa mabishano yalikuwa ya kweli, ndugu vijana, wala hatukuyamaliza kwa kauli moja. Kaka alisema kwamba aliyefuta uchafu mlangoni pake hapaswi kuendelea kuitwa mchafu. Shemeji akajibu kwamba walioufuta walisukumwa. Mtetezi wa Parc Astérix alikumbushwa kwamba hata katika vitabu vile vya Astérix yumo baharia mweusi, mlinzi wa mlingoti wa maharamia, aliyechorwa kwa midomo ile ile. Na katika ngano za kasri la waridi, tulihesabu mabinti wa kifalme wanaofanana na binti yetu. Hesabu ilikuwa fupi. Kwa kipimo hicho tungebaki nyumbani tukipika bukari.

Mama alisikiliza yote. Kisha akasema atakwenda kwenye msitu wa hadithi kwa moyo mweupe, lakini kwanza apelekwe Tervuren. Alikuwa amesikia habari za makaburi yale zamani, kwa mwalimu mmoja wa misheni, na hakupenda kucheza katika nchi hizi kabla ya kuwasalimu waliochezewa.

Tulipanda tramu namba 44 kutoka Brussels, inayopita chini ya miti mirefu. Mwaka 1897 mfalme Léopold wa Pili alileta pale Wakongo 267, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani, kando ya maji, ili wageni wapite kuwatazama wakiishi. Wageni walizidi milioni moja. Saba kati ya wale Wakongo walikufa katika kiangazi kile, na wamelala kando ya kanisa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Mama aliyasoma majina kwa sauti, polepole, akirudia Kitukwa mara mbili kwa sababu mtoto wa mwisho hakulishika. Tulisali Baba Yetu kwa Kiswahili. Binti mkubwa, ambaye hasali kwa Kiswahili tangu miaka mingi, aliweza mpaka mwisho.

Siku tatu baadaye tulikuwa Efteling. Jengo la kuingilia lina paa kubwa la nyasi, lenye ncha zinazopanda juu, na Mama alisimama kulitazama kwa muda mrefu. "Nyumba ya nyasi," alisema, "na tunalipa kuingia." Alicheka mpaka akahitaji kitambaa.

Hatutawaeleza kila kitu. Tulichokuwa tumekitafuta ni mahali ambapo mtu wa miaka sabini na mtoto wa miaka minne wanaweza kuwa pamoja saa zote bila mmoja kumngoja mwenzake nje ya uzio, na kwa hilo msitu ule ulitutosha. Njia ni tambarare, miti inatoa kivuli cha kweli, viti viko kila baada ya hatua chache. Kuna jitu lenye shingo ndefu linaloinuka juu ya miti na kushuka tena. Kuna Holle Bolle Gijs, mnene mwenye kinywa wazi, anayeomba karatasi kwa sauti, naye mtoto akimtilia takataka kinywani anamvuta kwa upepo na kumshukuru. Mtoto wetu wa mwisho alizunguka akiokota karatasi za watu wasiojulikana ili apate kushukuriwa. Tungemtamani Gijs mmoja pale sokoni Kenya, Lubumbashi.

Mama aliingia pia katika pango la Fabiola, ambamo wasichana wa ngano wanacheza juu ya maua ya maji, akatoka akisema muziki ni mzuri ila hadithi haina nyimbo za kuitikia. Kasoro ziko. Maelezo mengi ni kwa Kiholanzi, na mchezo mmoja wa kupita angani katika vigari ulitugharimu karibu saa nzima ya kusimama. Lakini katika foleni zote tulizopanga siku ile hatukuona kamba ya pembeni kwa wenye pesa zaidi. Mvulana wetu alipata vigari vyake vya reli, kwani navyo vipo, akarudi na uso mweupe na heshima kwa Waholanzi.

Wale wa Lubumbashi walikuwa wameweka sharti lao: siku hiyo hiyo, kwa mfuko huo huo, watoto wa nyumbani nao watoke. Kwa sehemu ndogo sana ya gharama yetu walikwenda kwenye bustani ya wanyama ya mjini, watoto tisa pamoja na wa jirani. Wakati wa kiangazi saa za Lubumbashi na za Uholanzi ni sawa. Saa saba mchana, tulipokuwa tumeketi chini ya mti tukila kuku wa kukaanga na viazi tulivyobeba kutoka nyumbani, na Mama akisimulia ujanja wa Kalulu kwa wajukuu wawili huku wa tatu akiwa kwenye simu yake, simu hiyo hiyo ikalia.

Walikuwa wao. Wakageuza kamera, tukamwona sokwe nyuma ya nyavu, amejikunyata, akitutazama moja kwa moja. Mtoto wetu wa mwisho aliacha kuku wake.

"Anaendeshwa na nini?" aliuliza.

"Na nini tena? Ni sokwe."

"Anasema asante ukimpa karatasi?"

Upande wa pili kukawa kimya, kisha vicheko vya watoto tisa, kisha binamu yake akakaza macho kwenye kamera na kumtaka amwonyeshe huyo mtu anayekula karatasi. Tukainuka wote wanane, Mama mbele, kwenda kumtafuta Gijs aliye karibu.