Tope la Injini

Mtu huogopa adui ajaye kwa kishindo, akampuuza yule ajaye kwa kunyata. Ndivyo tulivyo wengi kwa motokaa zetu. Tairi likipasuka, twasimama papo hapo. Lakini oili ikigeuka tope ndani ya injini, twaendelea na safari bila wasiwasi, mpaka siku chuma kikatae kuzunguka.

Jirani yangu mmoja hapa Mambrui, mzee wa makamo, alikuwa na motokaa aliyoitunza kama mboni ya jicho. Asubuhi ilimfikisha dukani, jioni msikitini, kisha ikafunikwa turubai. Motokaa ya mwanawe ilikwenda Mombasa na kurudi kila juma, na sote tuliitabiria kuwa itakufa kwanza. Ilitangulia ya baba. Siku aliyompakia mkewe mgonjwa kumpeleka hospitali Malindi, injini ilikwama kabla ya kufika daraja la Sabaki, na mgonjwa akamaliza safari kwa gari la msamaria. Wako waliosema ni husuda. Fundi alipofungua kifuniko cha injini, niliona tope jeusi, zito kama lami.

Sababu yake haina uchawi. Petroli ikiungua huzaa mvuke wa maji na masizi, na sehemu ndogo ya moshi hupenya kando ya pistoni ikashuka katika oili. Katika safari ndefu, joto la injini huyageuza maji hayo mvuke, ukatoka. Injini ikizimwa baada ya dakika chache, hata katika joto hili la pwani, maji na petroli isiyoungua hubaki humo, vikachanganyika na masizi. Joto likizidi nalo hudhuru, kwa kuwa oili iliyokaa mno huungana na hewa ikawa nzito. Na bomba la kupitishia mvuke likiziba, uchafu hukosa njia ya kutokea.

Oili njema ni mfano wa mto Sabaki. Mto huchukua udongo mwekundu kutoka bara, nao udongo huelea maadamu maji yana nguvu. Nguvu ikipungua baharini, udongo hutua. Oili nayo ina dawa ya kuzishika chembe za uchafu zielee. Dawa hiyo ikichoka, chembe hutua katika njia nyembamba na kwenye chujio la pampu. Oili ikikosa pa kupita, chuma husaga chuma.

Basi oili na ibadilishwe kwa kilomita au kwa miezi iliyoagizwa na watengenezaji, kwa lile litanguliálo kutimia. Mwenye safari fupi asingoje kilomita, maana miezi humfikia kwanza. Oili kuwa nyeusi si aibu. Weusi huo ni ushahidi kwamba imefanya kazi. Aibu ni kuiacha kazini baada ya nguvu zake kwisha.